Mchicha ukinawiri haina maana sumu imetoka: homoni za mimea na metali nzito shambani

Bamdogo wangu analima mchicha na matembele pembeni ya mto, Dar hapahapa, matuta kama kumi na nne hivi na kisima ambacho ukikichungulia unaona kabisa ni mto uleule umejichuja kidogo kwenye mchanga. Wiki mbili zilizopita kanitumia picha ya chupa ndogo ya busta, ile ya kupulizia majani, na sauti yake chini ya picha: "Mwanangu, jamaa wa dukani anasema hii inatoa sumu ya madini kwenye mboga, we si ulisoma haya mambo, ni kweli?" Nikaikuza picha. Lebo inasema brassinolide, ambayo ni homoni ya mimea, asilimia 0.01. Nikamjibu shikamoo bamdogo, ngoja nikuandikie, maana ningesema ndiyo ningekuwa nimemdanganya na ningesema hapana ningekuwa nimemdanganya vilevile, na nilivyoanza kuandika ikawa ndefu, ndo hii.

Tuanze na sumu yenyewe. Metali nzito, kuna wanaoziita madini tembo, ni vitu kama kadimi, risasi, aseniki, zebaki, kromi, nikeli. Shaba na zinki nazo huwekwa kwenye kundi hilo ila zile mmea unazihitaji kidogo ili uishi, shida inaanza zikizidi, wakati kadimi na risasi mchicha hauna kazi nazo hata chembe. Zinakuja kwa njia nyingi: maji ya viwandani, betri za gari zinazoyeyushwa mitaani, vumbi la barabara, maji taka, migodi, na hata mbolea, kwa sababu mwamba wa fosfeti mara nyingi unakuja na kadimi yake ndani, ndo maana Umoja wa Ulaya toka Julai 2022 unabana mbolea za fosfeti zisizidishe miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosfeti inayohesabiwa humo. Na kwetu sio habari ngeni. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa mboga za majani zinazolimwa kandokando ya mto Sinza na Msimbazi, wakapima kadimi, shaba, risasi na zinki, na hiyo ni zaidi ya miaka 25 iliyopita, mji haujajaa hivi. Wenzetu wa Lubumbashi wana mtambo wa kuyeyusha shaba uliowashwa 1911 na moshi wake umeshuka kwenye udongo wa mitaa ya jirani vizazi na vizazi. Kabwe kule Zambia mgodi wa risasi ulifungwa 1994, risasi yenyewe haikufungwa, ipo kwenye vumbi mpaka leo.

Hapo ndo kuna tofauti kubwa na dawa ya wadudu. Dawa ukipiga leo, jua na vijidudu vya udongo vinaivunjavunja taratibu, ndo maana unaambiwa subiri siku kadhaa kabla ya kuvuna. Kadimi haivunjiki, ni elementi, ukiikuta kwenye tuta leo wajukuu wataikuta palepale. Inachoweza ni kuhama tu: kutoka udongoni kwenda kwenye mzizi, mzizi kwenda jani, jani kwenda kwenye figo yako, na ikifika kwenye figo inajenga, nusu yake tu kutoka inachukua kama miaka 10 mpaka 30. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa yake inaondoa metali, muulize kitu kimoja: inaipeleka wapi? Swali hilo ndo nalibeba mpaka mwisho wa haya maelezo.

Wajapani walilijua hili kwa uchungu. Bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, mgodi wa Kamioka ulikuwa unamwaga taka zenye kadimi mtoni, mto unamwagilia mpunga, watu wanakula wali. Wanawake wa makamo kwenda juu ndo walioumia zaidi, mifupa inauma na kuwa laini mpaka mtu anavunjika mbavu kwa kukohoa, ugonjwa ukapewa jina itai-itai, yaani inauma inauma, na serikali ikatamka rasmi mwaka 1968 kwamba kadimi ya mgodini ndo chanzo. Ubaya wa kadimi kuliko metali nyingine nyingi ni kwamba inaweza kujaa kwenye punje au kwenye jani hadi kiwango cha kumdhuru mlaji wakati mmea wenyewe bado unaonekana mzima. Macho ya mkulima hayaioni.

Sasa inaingiaje? Mzizi una milango, na kila mlango umetengenezwa kwa mgeni wake, huu wa madini ya chuma, huu wa manganizi, huu wa zinki, ule wa fosfeti. Mlango ni protini iliyochomekwa kwenye utando wa seli, na hauna macho, unatambua kwa umbo na chaji tu. Ni kama konda wa daladala anavyomjua mwanafunzi kwa sare, hana muda wa kuomba kitambulisho, umevaa sare umepita. Kadimi imevaa sare ya zinki na chuma. Kwenye mpunga mlango wake mkubwa ni ule wa manganizi, wataalamu wanauita OsNRAMP5. Aseniki nayo ina sare mbili, kwenye jaruba lililojaa maji inapita mlango wa silika, kwenye udongo mkavu inajifanya fosfeti. Risasi ni mvivu wa kupanda, nyingi inaishia kwenye mizizi, kwa hiyo risasi unayoikuta kwenye majani ya mboga za kando ya barabara sehemu kubwa ni vumbi lililotua juu yake, hiyo ukiosha vizuri kwa maji safi inapungua. Kadimi hata uoshe na sabuni, iko ndani ya nyama ya jani.

Ikishaingia inafanya fujo mbili. Ya kwanza inakalia viti vya watu. Vimeng'enya vingi, yani zile protini zinazoendesha kazi za seli, vina zinki katikati ndo vinafanya kazi, kadimi inaisukuma zinki inakaa yenyewe, kimeng'enya kinabaki jina tu, na pia inang'ang'ania salfa iliyopo kwenye protini na kuzipinda. Ya pili, mitambo ya seli ikishavurugika inaanza kuvuja zile oksijeni korofi, oksijeni ambazo hazijatulia, zinatafuna mafuta yanayojenga utando wa seli, na utando ukitoboka seli inavuja. Jani linageuka njano kwa sababu chuma hakifiki na kijani hakitengenezwi.

Nakumbuka zoezi moja la maabara tulipewa mbegu za mahindi kwenye visahani vyenye karatasi iliyoloa, kimoja maji safi, kingine maji yenye kadimi. Siku ya nne kile cha maji safi mizizi ilishatambaa inatafuta pa kutokea. Kile cha kadimi mzizi umekuwa kidole kifupi, kinene, ncha ya kahawia kama imechomwa na kiberiti. Halafu cha ajabu jani la kwanza lilikuwa limechomoza vizuri tu, ungeangalia juu peke yake ungesema hapa hamna shida.

Mmea nao haukai kizembe. Una kitu kinaitwa glutathioni, kimolekuli kidogo chenye salfa, na kadimi ikiingia mmea unaziunga glutathioni kadhaa kuwa mnyororo, huo mnyororo unaitwa faitokelatini, umejulikana toka 1985. Mnyororo unaifunga kadimi kama pingu halafu inaburutwa mpaka kwenye vakuoli, ule mfuko mkubwa katikati ya seli ambao mimi nauona kama stoo ya vitu ambavyo hujui uvitupe wapi. Ikiwa stoo ya mizizi inafanya kazi vizuri, kadimi inafungiwa huko chini na kidogo tu ndo inapanda. Kuna aina za mpunga ambazo bomba la kuingizia stooni, OsHMA3, ni bovu toka kuzaliwa, na hizo ndo zinapeleka kadimi nyingi zaidi kwenye punje. Ukuta wa seli wenyewe pia unanasa metali, kama sifongo. Kwa hiyo silaha zipo, tatizo mara nyingi zinachelewa au hazitoshi.

Ndo homoni zinaingia hapo. Homoni ya mmea haina virutubisho kama mbolea na haiui kitu kama dawa ya ukungu, ni ujumbe tu, kiasi kidogo mno kinachoambia seli jeni gani iwashwe, mlango gani upunguzwe, stoo ipi ifunguliwe. Mmea wenyewe unazitengeneza kila siku. Sisi tukizipuliza au tukiloweka mbegu ni sawa na kumpigia simu mlinzi kabla mwizi hajaruka ukuta: hujampa bunduki mpya, umemwamsha tu ashike ile aliyonayo.

Niliyoielewa mapema zaidi ni asidi ya salisiliki, kwa sababu wote tunaijua bila kujua, ni ndugu wa damu wa aspirini. Mmea unaitumia ukishambuliwa na vimelea. Mwaka 2003 ulitoka utafiti wa shayiri, mbegu au miche iliyopewa salisiliki kwanza halafu ikawekwa kwenye kadimi ikaumia kidogo kuliko ile ambayo haikupewa. Kila mtu angetarajia kukuta vimeng'enya vya kuzima oksijeni korofi vimepanda, si ndo kazi yake, lakini wakakuta kinyume, vilikuwa vimetulia, havikuhangaika kama kwenye miche isiyopewa. Yani zimamoto hawakuitwa kwa sababu moto haukuwaka vile. Hitimisho lao likawa salisiliki inasaidia kwa njia nyingine ya kuidhibiti kadimi yenyewe. Naipenda hiyo kazi kwa sababu inaonyesha hata hao wanaoona matokeo mazuri wanabaki wanabishana yametokea wapi. Kipimo kinachotumika sana ni nusu milimola kwa lita (wanakemia wanahesabu molekuli kwa mola, milimola ni elfu moja ya mola, na mikromola ni elfu moja ya milimola), ambacho ukikipiga hesabu ni miligramu 69 kwenye lita nzima ya maji, ncha ya kijiko cha chai haijai. Kuna watu mtandaoni wanayeyusha aspirini, na kweli kidonge cha miligramu 300 kwenye lita tatu na kidogo kinakupeleka kwenye nusu milimola, ila aspirini inabidi kwanza ivunjike iwe salisiliki, na haivunjiki kwa saa uliyopanga wewe. Na ukizidisha, salisiliki hiyohiyo inachoma majani na kuzuia mbegu kuota. Sijasema mkachukue vidonge vya bibi.

Haya, sasa chupa ya bamdogo. Brassinolide ni kiongozi wa ukoo wa brasinosteroidi, homoni zinazofanana kimuundo na steroidi za wanyama. Mwaka 1970 Wamarekani waliona kitu kwenye chavua ya rapa, zao la mbegu za mafuta, kinachokuza mimea kwa kasi, na mwaka 1979 wakafanikiwa kukijua ni nini, baada ya kukamua kilo 227 za chavua iliyokusanywa na nyuki wakapata miligramu 4. Soma tena hapo. Kilo 227 kwa miligramu 4! Leo wanatengeneza jamii zake kiwandani ndo maana inafika mpaka duka la pembejeo uswahilini. Tufanye hesabu ya ile lebo: asilimia 0.01 maana yake kwenye kila mililita kuna miligramu 0.1. Akiweka mililita 10 kwenye bomba la lita 16 ameweka miligramu moja, kitu ambacho hata kwenye mzani wa sonara anayepima dhahabu utakitafuta. Ukigawa unapata kama mikromola 0.13, na hicho ndo kiwango kilekile wanachotumia watafiti kwenye majaribio ya kadimi. Kwa hiyo kwa upande huo muuza duka hakusema upuuzi. Majaribio yapo mengi, ya haradali, ya nyanya, ya maharage, mengine ya mwani tu, na yanaelekeana: mmea uliopewa brasinosteroidi unabaki na kijani zaidi, vimeng'enya vya kuzima oksijeni korofi vinapanda, pingu zinatengenezwa kwa wingi, uzito unarudi.

Asidi ya absisiki ni habari nyingine kabisa, hii ndo homoni ya ukame. Kazi yake kubwa ni kufunga vile vitundu vya majani vinavyotoa mvuke. Kadimi inapanda juu kwa kuvutwa na maji, majani yakitoa mvuke maji yanapanda na kadimi imedandia, kwa hiyo ukifunga vitundu umepunguza lifti. Na kwenye kile kimmea cha maabara Arabidopsis imeonekana absisiki inapunguza mlango wa chuma kwenye mzizi, ule ambao kadimi inaupitia. Safi sana, hii inazuia kuingia kwenyewe. Bei yake ni kwamba vitundu vilevile ndo vinaingiza hewa ya ukaa ya kupikia chakula, ukivifunga umepunguza sumu na umepunguza na mchicha. Asidi ya jasmoniki nayo kwenye kimmea hichohicho imeonyesha kubana milango.

Auksini, ile homoni ya kukuza mizizi wanayochovyea vipandikizi, imeonekana kunenepesha ukuta wa seli za mizizi ili unase kadimi nyingi hukohuko chini. Jiberelini, ambayo Wajapani waliigundua kupitia fangasi anayerefusha mpunga mpaka unaanguka, imeonekana kwa kipimo kidogo inabana mlango wa chuma pia. Ila hapa tega sikio. Kuna kundi jingine la watafiti, wao kazi yao ni kusafisha udongo kwa mimea, wanapanda mimea isiyoliwa ili ifyonze metali halafu wanaing'oa na kuipeleka mbali, na hao wanatumia auksini hiyohiyo, na sitokinini ambayo ni homoni ya kugawanya seli, ili mmea ufyonze ZAIDI. Homoni ileile, nia tofauti, na matokeo yanategemea mmea, kipimo, wakati na metali yenyewe. Ukiona mtu anauza homoni "ya kupunguza metali" bila kukwambia kwenye zao gani na metali gani, kaa mbali kidogo.

Ethilini niseme kwa ufupi, hiyo mmea ukibanwa unaitoa yenyewe kwa wingi na inadumaza mizizi, kwa hiyo hapo mchezo ni kuipunguza. Kuna bakteria wa udongo wanaoishi kwenye mizizi wana kimeng'enya cha kula malighafi ya ethilini kabla haijawa ethilini, Bernard Glick wa Kanada ameandika sana juu ya hilo, na kwa maoni yangu njia hii kwa mkulima mdogo ina mantiki kuliko chupa, bakteria wakishakubali udongo wako wanaendelea na kazi wenyewe, hawasubiri upige bomba kila wiki. Halafu kuna strigolaktoni, wakulima wa mahindi mnaijua kwa uchungu, ndo harufu ambayo lile gugu kiduha linainusa ardhini linaamka na kuvamia mzizi. Ilijulikana kama homoni ya mmea mwaka 2008 tu. Hiyo tuiache.

Nirudi kwenye swali langu: inaipeleka wapi? Ukisoma hizi tafiti kwa haraka kichwa cha habari kinakwambia homoni "inapunguza sumu ya kadimi". Sumu kwa nani? Mara nyingi wanamaanisha sumu kwa mmea. Mmea ulikuwa umedumaa sasa unakua, ulikuwa njano sasa ni kijani. Kadimi inaweza kuwa imezuiliwa mlangoni, hiyo ni heri kwa wote. Inaweza kuwa imefungwa kwenye stoo za mizizi, kwa mchicha unaokatwa juu ni heri, kwa anayeng'oa na mizizi au anayekula karoti na viazi sio heri. Na inaweza kuwa imefungwa pingu vizuri kabisa ndani ya vakuoli za jani, mmea una amani, unastawi, na wewe ndo unakuja kuitafuna ile stoo yote. Tumboni mwako zile pingu zinalegea.

Kuna mtego mwingine wa hesabu. Chukua mfano wa kubuni, mche mkavu wa gramu 10 wenye kadimi mikrogramu 4 kwa kila gramu, jumla 40. Ukaupulizia homoni ukafika gramu 20, na kipimo kikashuka mpaka 2.8. Mwenye chupa atasema nimepunguza kadimi kwa asilimia 30 na ni kweli. Ila jumla sasa ni 56, mmea umebeba kadimi nyingi kuliko mwanzo, ni vile tu imetawanyika kwenye majani mengi, kama umeongeza chumvi kidogo huku mchuzi ukauongeza mara mbili. Kwa mlaji cha muhimu ni kiasi kwa kilo, sawa, kushuka ni kushuka. Lakini mchicha karibu sehemu tisa kwa kumi ni maji, kwa hiyo 2.8 kwenye mkavu inakuja kama 0.28 kwenye mbichi, na kikomo cha Codex, ile tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.2 za kadimi kwa kilo. Umepunguza asilimia 30 na bado hujafika. Na sasa mchicha unavutia zaidi, unauzika haraka zaidi.

Na hizo tafiti nyingi zimefanyika wapi? Kwenye ndoo za maji yenye virutubisho, siku saba, siku kumi na nne, kadimi ikiwa mikromola 50 au 100. Mikromola 100 ni miligramu 11 kwa lita, hayo ni maji ya kumtisha mtu, kwenye udongo wa kawaida kadimi iliyoyeyuka ni ndogo sana kuliko hapo. Wanafanya hivyo ili waone athari haraka, siwalaumu, mwanafunzi ana miezi mitatu ya kumaliza tasnifu. Ila shambani kuna mvua, kuna tindikali ya udongo, kuna shaba na risasi zimechanganyika na kadimi, kuna msimu mzima, na homoni uliyopuliza leo haikai wiki nyingi. Ndo maana nikisoma "mafanikio" naangalia kwanza: walipima kadimi kwenye sehemu inayoliwa? Walilima kwenye udongo halisi mpaka kuvuna? Ukiweka vichujio hivyo viwili rundo la karatasi linapungua vibaya sana.

Sasa ukiniuliza kipi kinafanya kazi kwa uhakika zaidi, majibu ni ya kizamani na hayauziki kwenye chupa nzuri. Udongo wenye tindikali unaiachia kadimi iyeyuke, ukiweka chokaa tindikali ikapungua, yani pH ikapanda kuelekea 6.5 au 7, kadimi inashikwa na udongo, mzizi unaikosa. Mboji na samadi iliyoiva nayo inaishika, mradi samadi yenyewe isiwe imetoka kwenye uchafu uleule. Badilisha zao, majani ndo yanabeba kadimi zaidi, mahindi, maharage na nyanya kwa kawaida zinabeba kidogo kwenye sehemu unayokula. Badilisha maji, hili ndo gumu kwa watu wa mtoni na ndo la maana kuliko yote, kwa sababu ukitibu tuta huku unamwagilia sumu mpya kila asubuhi na jioni unachota maji kwa pakacha. Kwenye mpunga kuna kizungumkuti chake, ukijaza jaruba maji kadimi inajifunga na salfa inatulia lakini aseniki inafunguka, ukilikausha aseniki inatulia na kadimi inaamka, mkulima unaambiwa chagua sumu. Wajapani wakaamua kushughulika na mlango wenyewe, wakapata mpunga wa Koshihikari ambao mlango wa manganizi umevunjika kwa kupigwa mionzi, kadimi kwenye punje ikawa karibu haipo, matokeo yalichapishwa 2012. Hiyo mimi naiita kazi.

Homoni inakaa wapi kwenye orodha hiyo? Juu ya hayo yote, kama chachandu, sio kama ugali. Kuloweka mbegu ili miche ivumilie pale ambapo udongo umeguswa kidogo na unaendelea kuurekebisha, hapo naielewa. Kama kitu cha kumfanya mtu aendelee kulima kwenye taka kwa sababu sasa mboga hazidumai, hapo naiogopa kuliko kadimi yenyewe, maana kudumaa kule kulikuwa ndo kengele pekee tuliyokuwa nayo, na hata yenyewe huwa inachelewa kulia.

Nilimwambia bamdogo haya yote kwa simu kwa sababu kusoma hakupenda, akasikiliza kimya halafu akauliza, "Kwa hiyo hela yangu imeliwa?" Nikamwambia hapana, brassinolide ni busta kweli, mchicha utaona. Ila kabla ya kununua nyingine chukua udongo, chimba sentimita kama 20 kwenye sehemu kumi tofauti za shamba, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, sio ya bati kwa sababu bati lina zinki, toa nusu kilo weka kwenye mfuko, chukua na mchicha mfuko mwingine, chupa ya maji ya kisima, upeleke maabara wakapime kadimi na risasi. Akalalamika gharama, tukachangia.

Majibu tunategemea wiki ijayo. Juzi kanitumia picha nyingine, fungu la mchicha limejaa kiganja, majani mapana, kijani cha kung'aa mpaka nikadhani ameweka kichujio cha simu, na chini yake kaandika: "Mwanangu, haya ya nyumbani tuyale tusiyale?" Nimemwambia tusubiri karatasi. Sijamuuliza mafungu mengine yameenda soko gani.